Majadiliano ya Kikundi: Maana, Msamiati na Maandalizi ya Tathmini

majadiliano nm [ya-] 1. tendo la watu wawili au zaidi kubadilishana mawazo kuhusu suala fulani, kila mmoja akizingatia na kujibu aliyoyasema mwenziwe: *Majadiliano ya kikundi chetu yalichukua nusu saa.* 2. mazungumzo ya pande mbili zinazotafuta mapatano: *Majadiliano ya mishahara yamekwama.* Mnyumbuliko: *jadili > jadiliana > majadiliano*. Linganisha: *mjadala, mdahalo, mazungumzo, mashauriano, mabishano, malumbano*.

1. Kwa nini neno hili linahitaji maelezo

Katika shule za Kenya, mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa rasmi katika madarasa ya mwanzo mwaka 2019 umeipa stadi ya Kusikiliza na Kuzungumza nafasi yake kamili katika somo la Kiswahili, sambamba na Kusoma, Kuandika na Sarufi. Mawasiliano na ushirikiano yametajwa pamoja kuwa mojawapo ya maeneo saba ya umilisi wa kimsingi. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hupewa mada, huwekwa katika kikundi, na mwalimu hukaa kando na rubriki mkononi akitathmini jinsi wanavyojadiliana. Nchini Tanzania nako, majadiliano ya vikundi ni sehemu ya ufundishaji shirikishi, na kinachoitwa *tathmini* nchini Kenya aghalabu huitwa *upimaji* huko.

Hata hivyo, wanafunzi wengi huingia katika zoezi hili wakiwa wamejiandaa kwa jambo jingine. Wapo wanaokariri hotuba fupi na kusubiri zamu ya kuitoa. Wapo wanaojiandaa kumshinda mwenzao kana kwamba wamo katika mdahalo. Wote wawili hushangaa wanapopata alama za chini ilhali walisema mengi. Chanzo kimoja cha tatizo hili ni cha kilugha: maneno *jadili*, *jadiliana*, *mjadala* na *mdahalo* hutumiwa shuleni kana kwamba ni neno moja, ilhali kila moja linamwagiza mwanafunzi afanye kazi tofauti. Makala haya yanatenganisha maana hizo, yanaorodhesha msamiati unaohitajika, na yanaeleza maandalizi yanayoafiki maana halisi ya neno *majadiliano*.

2. *Jadili* na *jadiliana*

Kitenzi *jadili* kina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo mzizi wake hubeba maana ya kubishana kwa maneno. Katika Kiswahili sanifu kitenzi hiki huchukua yambwa moja kwa moja: *Jadili athari za ukame.* Mtu huwa *anajadili jambo*. Hapana haja ya *kuhusu* kati ya kitenzi na yambwa yake, ingawa muundo *kujadili kuhusu jambo* husikika mara kwa mara katika mazungumzo.

*Jadiliana* ni kauli ya kutendana. Kwa kuwa kiambishi *-an-* tayari kimeleta mshiriki mwingine, mada haiwi tena yambwa na hutanguliwa na *kuhusu* au *juu ya*:

*Kikundi kilijadili marufuku ya mifuko ya plastiki.*
*Wanafunzi walijadiliana kuhusu marufuku ya mifuko ya plastiki.*

Inafaa kuangalia kwa makini kinachotendwa na *-an-* hapa. Katika *pendana*, kila mmoja anampenda mwenziwe. Katika *jadiliana*, watu hawajadili wao kwa wao kana kwamba wao ndio mada. Kinachopokezanwa ni tendo lenyewe: neno la mmoja linakuwa mwanzo wa neno la mwingine. Nomino *majadiliano* imeundwa kwa kiambishi awali *ma-*, shina hilo la kutendana, na kiishio *-o*, kama ilivyo kwa *makubaliano*, *maelewano*, *mapatano*, *mashindano* na *mabishano*. Hakuna hata moja kati ya hizi inayoweza kufanywa na mtu peke yake.

Tatizo la shuleni linaanzia hapa. Mwanafunzi anapofika darasa la juu, amekwisha kukutana na agizo *Jadili* mara nyingi katika karatasi za mtihani, hasa katika maswali ya insha na ya fasihi. Huko, *Jadili (alama 20)* humaanisha: panga hoja zako, zitolee mifano, uandike peke yako kimya. Kila hoja huhesabiwa. Anapoambiwa kwamba kesho kuna *majadiliano* yanayotathminiwa, anabeba maana ile ile ya mtihani: anatayarisha orodha ya hoja zake na kuhakikisha kwamba zote zimetajwa kabla ya muda kwisha. Anayeketi karibu naye anafanya vivyo hivyo. Hotuba tano zinazofuatana si majadiliano, hata zikiwa nzuri.

Kwa hiyo mwalimu anayeandika agizo la kazi ya kikundi hana budi kuchagua kitenzi kwa uangalifu. *Jadilini* huwaelekeza wanafunzi kwenye mada. *Jadilianeni* huwaelekeza kwenye mada na pia kwa wenzao. Tofauti ni silabi mbili tu, lakini ndizo zinazobeba kazi inayotathminiwa.

3. Maneno jirani

mjadala nm [u-/i-] (wingi *mijadala*): suala linalozungumzwa na watu wengi, au kikao cha kulizungumzia. Neno hili liliingia kutoka Kiarabu likiwa nomino kamili. Halina *-an-* ya Kiswahili ndani yake. Ndiyo maana huweza kutumika hata pale ambapo wengi ni wasikilizaji tu: *mjadala wa bajeti bungeni, suala hili limezua mjadala mkali.*

mdahalo nm [u-/i-] (wingi *midahalo*): shindano la hoja lenye kanuni, ambapo upande mmoja hutetea hoja na upande mwingine huipinga, na mara nyingi kura hupigwa mwishoni. Msemaji wa mdahalo hupangiwa upande na haruhusiwi kuuhama. Katika majadiliano, kuhama msimamo baada ya kusikia ushahidi bora ni dalili ya usikivu.

mazungumzo nm [ya-]: neno pana zaidi; hujumuisha maongezi ya kawaida yasiyo na mada maalumu. Katika habari, humaanisha pia vikao vya upatanishi: *mazungumzo ya amani.*

mashauriano nm [ya-]: majadiliano ambayo lengo lake ni kufikia uamuzi au kupata ushauri. Kamati hushauriana, darasa linalochunguza suala bila ya kuwa na mamlaka ya kuliamua hujadiliana.

mabishano nm [ya-]: kupingana kwa maneno kila mmoja akishikilia lake. Hubeba dokezo la ukaidi.

malumbano nm [ya-]: katika fasihi simulizi, ni mashindano ya ufasaha na utani wa maneno. Katika magazeti, neno limesogea kuelekea maana ya ugomvi wa maneno: *malumbano ya kisiasa.* Mtafsiri azingatie muktadha.

Mtafsiri wa miongozo ya walimu mara nyingi hukutana na neno moja la Kiingereza linaloweza kutafsiriwa kwa *mjadala*, *majadiliano* au *mazungumzo*. Kigezo cha kuchagua ni hiki: iwapo maandishi yanatazamia washiriki wajibizane, *majadiliano* ndilo neno, iwapo yanazungumzia suala lililo mbele ya umma, *mjadala*.

4. Hoja na vifaa vyake

hoja nm [i-/zi-]: neno hili lina maana mbili ambazo hazina budi kutenganishwa. Ya kwanza ni pendekezo rasmi linalowekwa mbele ya kikao. Katika Bunge la Tanzania, anayewasilisha hutamka *naomba kutoa hoja*, na anayemuunga mkono hujibu *naafiki*. Ya pili ni sababu inayotolewa kuthibitisha au kukanusha jambo. Mdahalo huhitaji hoja kwa maana zote mbili. Majadiliano huhitaji ya pili tu.

dai nm [li-/ya-]: kauli ambayo bado haijathibitishwa. *Marufuku imefaulu* ni dai. Dai likiambatana na sababu na ushahidi ndipo linapokuwa hoja. Mwanafunzi anayesema *nina hoja tatu* kisha akatoa madai matatu matupu amejidanganya kwa neno.

ushahidi nm [u-]: linalothibitisha dai. Unaweza kuwa tarehe, kifungu cha sheria, takwimu yenye chanzo, au jambo ambalo msemaji ameliona kwa macho yake. Mfano huonyesha dai lilivyo. Si lazima ulithibitishe.

rai na maoni: *rai* ina asili ya Kiarabu, *maoni* inatokana na kitenzi *ona*. Zote mbili ni mtazamo wa mtu. *Rai* pia hutumika kwa wito au ombi: *kutoa rai kwa wananchi.*

suala na swali: *swali* (wingi *maswali*) huulizwa na kujibiwa; *suala* (wingi *masuala*) ni jambo linalozungumziwa. Tahajia *swala* kwa maana ya jambo huzua utata, kwa kuwa *swala* ni mnyama wa porini na pia ni tahajia mojawapo ya neno *sala*.

methali: hupamba hoja na kuifanya ikumbukwe, lakini haiithibitishi. Kusema *Debe tupu haliachi kuvuma* hakuonyeshi kwamba aliyezungumza sana hakuwa na la maana. Methali itumike baada ya ushahidi, si mahali pake.

Vihusishi vya kurejelea chanzo navyo hukosewa. *Kwa mujibu wa* hutangulia chanzo chenye mamlaka, kama vile sheria, ripoti au kamusi. *Kulingana na* hutumika vilevile, ingawa maana yake ya asili ni kuwa sawa au kuoana na kitu. Muundo *kulingana na mimi* haupendezi. Aseme *kwa maoni yangu* au *kwa mtazamo wangu*.

5. Vitenzi vya msimamo

Kiswahili kina ngazi za uhakika, na mwanafunzi mwenye kuzijua husema kwa usahihi zaidi kuliko anayetumia *nafikiri* kila mara.

*Nadhani* hudokeza kwamba msemaji hana uhakika. *Naona* huonyesha hitimisho alilofikia baada ya kutazama mambo. *Naamini* hubeba imani ambayo huenda haina ushahidi. *Najua* hudai ujuzi kamili, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: umejuaje? *Nahisi* ni ya mwili na moyo. Siku hizi hutumiwa ovyo mahali pa *naona*, na katika mazungumzo yanayotathminiwa hudhoofisha kauli.

Katika kukubali: *kubali* ni kupokea jambo au kukiri, *kubaliana na* ni kuwa na mtazamo mmoja na mtu, *afiki* ni kuridhia kauli au pendekezo, *unga mkono* ni kulitetea. Anayesema *nakubali* baada ya kila mchango hajasema kitu. Aseme anakubaliana na nini, na mpaka wapi: *Nakubaliana nawe kuhusu gharama, ila si kuhusu muda.*

Katika kutokubali: *kataa* ni kutopokea, *kana* na *kanusha* ni kusema jambo si kweli, *pinga* ni kusimama dhidi ya, *tofautiana na* ni kuwa na mtazamo mwingine. Kwa adabu ya majadiliano, *tofautiana* ndicho kitenzi kinachofaa zaidi, na kifae kuelekezwa kwenye hoja kuliko kwa mtu: *Natofautiana na hoja hiyo kwa sababu…* ni bora kuliko *Umekosea.*

Kuna tahadhari moja kuhusu *kata kauli*. Msemo huu haumaanishi kumzuia mtu asiendelee kusema. Maana yake ni kufikia uamuzi wa mwisho: *Alikata kauli kuhama.* Anayeingilia maneno ya mwenziwe *amemkatiza*.

6. Misemo ya kupokezana zamu

*Kuomba nafasi:* Naomba kuongeza jambo hapo. Niruhusuni niulize.
*Kujenga juu ya neno la mwenzi:* Mwenzangu ametaja bei; nami ningependa kuongezea upatikanaji.
*Kutafuta ufafanuzi:* Unaposema “imefaulu”, unapima kwa kigezo gani?
*Kurejea kauli ili kuhakiki:* Kama nimekuelewa vyema, unasema kwamba…
*Kumwalika aliyenyamaza:* Mwenzetu bado hajatoa maoni. Wewe waonaje?
*Kukatiza kwa adabu:* Niwie radhi kwa kukukatiza. Muda wetu unayoyoma.
*Kurekebisha msimamo:* Baada ya kusikia hayo, narekebisha kauli yangu.
*Kuhitimisha:* Kwa muhtasari, tumekubaliana kuhusu mambo mawili na tumetofautiana kuhusu moja.

Baadhi ya miundo inayosikika sana imefinyangwa kwa sura ya lugha nyingine na inafaa kuepukwa katika lugha rasmi. *Mwisho wa siku* itumike kwa jioni. Kwa maana ya matokeo ya jumla, aseme *hatimaye* au *mwishowe*. *Majadiliano yalichukua nafasi* isemwe *yalifanyika*. *Kuja na wazo* iwe *kutoa wazo* au *kubuni wazo*.

7. Kipande cha majadiliano na maelezo yake

Mada: *Je, marufuku ya mifuko ya plastiki imefaulu?* Mada hii inafaa kwa sababu ushahidi wake unapatikana kwa urahisi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008. Nchini Kenya, marufuku ilianza kutekelezwa tarehe 28 Agosti 2017, ikiambatana na adhabu ya faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019, na huko neno lililozoeleka ni *katazo*.

Mwanafunzi wa kwanza: *Marufuku ilianza kutekelezwa nchini mwetu tarehe 28 Agosti 2017. Naona imefaulu, kwa kuwa mifuko myepesi ya dukani haionekani tena ikining'inia kwenye nyua na miti kama wazazi wetu wanavyosimulia.*

Mwanafunzi wa pili: *Nakubaliana nawe kuhusu mifuko ya dukani. Hata hivyo, chupa za maji na karatasi za mikate bado zimejaa mitaroni. Je, tuseme marufuku imefaulu, au imefaulu kwa mifuko pekee?*

Mwanafunzi wa tatu: *Swali hilo linahitaji jibu kutoka kwa mtu anayeona soko kila siku. Mwenzetu, wewe hupita sokoni ukija shuleni. Unaona nini?*

Mwanafunzi wa nne: *Wauzaji wengi hutumia vikapu na mifuko ya kitambaa. Lakini wapo wanaoficha mifuko ya nailoni chini ya meza. Mteja akiomba, anapewa.*

Mwanafunzi wa kwanza: *Basi narekebisha kauli yangu. Marufuku imepunguza mifuko, ila haijamaliza plastiki, na utekelezaji haujafika kila mahali.*

Katika kipande hiki, kwa hesabu ya hoja peke yake, mwanafunzi wa tatu hakupata kitu. Hakutoa dai wala ushahidi. Lakini ndiye aliyemfungulia mlango wa nne, na ushahidi wa nne ndio uliobadili hitimisho la kikundi. Rubriki inayohesabu hoja tu ingemnyima alama aliyefanya kazi kubwa zaidi ya *-an-*. Vilevile, mwanafunzi wa kwanza hakushindwa aliporekebisha kauli yake. Katika mdahalo angekuwa amesalimu amri; katika majadiliano ameonyesha kiwango cha juu cha umilisi. Hitimisho lake pia ni sahihi zaidi kuliko dai lake la kwanza, kwa kuwa limetenganisha mambo matatu ambayo awali yalikuwa yamefungwa katika neno moja *imefaulu*.

8. Maandalizi

*Kusoma agizo na vigezo.* Kikundi kianze kwa kubainisha kitenzi cha agizo, muda uliotolewa na mambo yatakayotathminiwa. Kama rubriki haijatolewa, mwalimu aombwe aisome kwa sauti. Si hila; ni haki ya anayetathminiwa kujua kipimo.

*Kugawa maswali badala ya hotuba.* Vikundi vingi hugawana mada vipande vipande: wewe faida, mimi hasara, yule mapendekezo. Mgawo huo huzalisha hotuba. Ni bora kikundi kiandike maswali manne au matano ambayo mada inayazua, kisha kila mwanakikundi atafute ushahidi kuhusu yote, huku akiwa na dhamana ya kulianzisha moja. Kwa njia hiyo kila mmoja ana la kumjibu mwenziwe.

*Kukusanya ushahidi pamoja na chanzo chake.* Tarehe au takwimu isiyo na chanzo ni dai lililovaa nguo za ushahidi. Mwanafunzi aandike alikoipata: kitabu, gazeti, sheria, au macho yake mwenyewe.

*Kuandaa kadi.* Kadi isiwe na sentensi kamili, kwa kuwa sentensi kamili husomwa. Upande mmoja uwe na vidokezo viwili au vitatu na ushahidi wake. Upande wa pili uwe na swali ambalo mwenzi anaweza kuuliza, na swali ambalo mwenye kadi anataka kuwauliza wenzake.

*Kufanya mazoezi ya kusikiliza.* Zoezi moja lenye manufaa ni hili: hakuna anayeruhusiwa kutoa neno lake kabla ya kurejea kwa sentensi moja aliyosema mtangulizi wake, naye mtangulizi akiri kwamba ameeleweka. Mwanzoni mazungumzo hukwama, kwa kuwa wengi hugundua kwamba walikuwa wakisubiri zamu tu. Zoezi jingine ni la mbegu: kila mwanakikundi hupewa mbegu tatu za maharagwe, na kila anapozungumza huweka moja katikati. Aliyemaliza zake hunyamaza mpaka wenzake wamalize. Msemaji mwingi hujifunza kuchagua. Mkimya hujua kwamba nafasi yake inamngoja.

*Kugawa majukumu.* Mwenyekiti (wingi *wenyeviti*) huongoza zamu, katibu hunakili makubaliano, na mtunza muda hukumbusha. Majukumu haya hayamwondolei yeyote wajibu wa kuchangia.

*Kuandaa istilahi.* Mwanafunzi asiyejua neno la Kiswahili la dhana fulani mara nyingi huhamia Kiingereza au Sheng katikati ya sentensi. Ni vyema kikundi kikubaliane mapema kuhusu istilahi za mada yao. Neno likikosekana siku yenyewe, kulieleza kwa maneno ya kawaida ni ujuzi, wala si udhaifu: *ile mashine inayosagasaga plastiki ili itumike tena* inaeleweka na kila msikilizaji.

9. Kwa mwalimu anayetathmini

Rubriki za mtaala wa umilisi hutumia viwango vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Ili viwango hivyo viwe na maana katika majadiliano, kila kimoja kielezwe kwa vitendo vinavyoonekana: ubora wa hoja na ushahidi, namna mwanafunzi anavyojibu aliyoyasema mwenziwe, anavyoheshimu zamu, na ufasaha wa lugha.

Kipimo rahisi cha kupokezana ni kuchora duara lenye majina ya wanakikundi na kuvuta mshale kila mtu anapomjibu mwingine moja kwa moja. Mishale yote ikielekea kwa mwalimu, wanafunzi wanahutubu. Ikielekea kwa mwanafunzi mmoja, kuna mtawala. Ikisambaa, kuna majadiliano.

Lafudhi itenganishwe na hoja. Mtoto wa Mombasa anayetamka *ndoo* kwa maana ya *njoo* anatumia Kimvita, lahaja kongwe ya Kiswahili. Akumbushwe kuhusu usanifu inapobidi, lakini asikatwe alama za usikivu au za mantiki kwa ajili hiyo. Na ukimya usihukumiwe haraka. Yupo anayenyamaza kwa kutojiandaa, na yupo anayenyamaza kwa sababu hakuna aliyempisha. Mishale ya duara huonyesha tofauti hiyo, na wa pili asiadhibiwe kwa kosa la kikundi chake.

10. Muhtasari wa matumizi

*Jadili* jambo, *jadiliana na* mtu *kuhusu* jambo.
*Mdahalo* una pande mbili na mshindi. *Majadiliano* yana suala moja na uelewa unaokua.
*Dai* huhitaji ushahidi ili liwe *hoja*.
*Suala* huzungumziwa, *swali* hujibiwa.
*Kata kauli* ni kuamua. *Katiza* ni kuingilia maneno ya mtu.
*Rekebisha kauli* ni sifa katika majadiliano, si dosari.

Tazama pia: *hoja, kauli ya kutendana, mdahalo, mjadala, sajili, tathmini, zamu.*